Nilianguka Mtihani wa Gari, Wala Sioni Haya

Kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Maneno haya tumeyasikia tangu utotoni, na sisi watu wa kalamu tumeyatumia mno kuwapa wenzetu nasaha. Lakini wallahi, msomaji mpenzi, mimi sikuijua maana yake hasa mpaka nilipofika umri wa miaka hamsini na minne, siku nilipoteremshwa garini mbele ya kundi la vijana wenye umri wa wanangu, nikaambiwa kwa adabu kabisa: "Mzee, leo bado. Kajitayarishe, urudi."

Nilikuwa nimeanguka mtihani wa udereva.

Leo naieleza habari hii bila kuificha, kwa kuwa najua wako wengi katika mji wetu, wanaume kwa wanawake, waliojaribu mara moja, wakaanguka, wakaona haya, na gari la nyumbani likabaki kuendeshwa na watu wa kuombwa. Wako na wengine waliofanya jambo baya kuliko kuona haya, nalo nitalitaja likifika mahali pake.

Mimi kazi yangu ni kuandika. Tangu ujana nimezoea kwenda kwa miguu na kwa matatu, na siku hizi kwa tuktuk, na humo ndimo nilimookota mashairi yangu mengi. Sikuwahi kuona haja ya kushika usukani. Nyumba yetu iko Kisauni. Ndugu yangu mkubwa alipokwenda kufanya kazi Maskati aliliacha Toyota lake kuukuu chini ya mwembe wetu, na kila Ijumaa kijana wa jirani akija kuliwasha ili betri isife. Basi gari likawa kama pambo la ua. Kuku wakilala chini yake, nasi tukianika mikeka juu yake.

Hata usiku mmoja, saa nane, mama yangu akabanwa na pumzi. Mama ana miaka themanini na ushei. Kijana wa jirani alikuwa safarini Lamu. Nikatoka mbio hadi barabara kuu kutafuta tuktuk, nikasimama pale muda wa mtu kusoma Yasini akaimaliza, na huko nyumbani gari zima limekaa na mafuta yake, na ufunguo wake umo mfukoni mwangu. Tuktuk ilipatikana, tukavuka daraja la Nyali, mama akatiwa hewa hospitali na akapata nafuu, Alhamdulillahi. Lakini alfajiri ile, nilipokuwa nimekaa kwenye benchi nikiushika ule ufunguo, nilijiuliza swali moja: Wewe uliyetunga beti zote zile juu ya haki ya mzazi kwa mwanawe, beti zako zimemfikisha mama yako wapi?

Wiki ya pili yake nikaenda kujiandikisha shule ya udereva.

KANZU NA MAKUBADHI

Masomo ya mdomo hayakunishinda. Waliopita njia hii wanaujua ule ubao wa mji mdogo, uliochorwa barabara, mizunguko, vivuko vya waendao kwa miguu na mahali pa kuegesha. Mwanafunzi hupewa kigari cha mchezo, akaambiwa akitoe hapa akifikishe pale, huku akieleza kwa maneno kila alitendalo. Hapo ndipo palipokuwa nyumbani kwangu! Nilikieleza kile kigari kwa ufasaha hata wanafunzi wenzangu wakawa wananikusanyikia. Alama za barabarani nazo nilizihifadhi kama nilivyohifadhi juzuu ya Amma.

Basi siku ya mtihani nikaondoka nyumbani kama mtu aendaye kula karamu. Nilivaa kanzu yangu ya darizi, kofia ya vito, na makubadhi mapya. Nilidhani namheshimu mtahini. Ubao nikaupita, alama nikazipita. Ikabaki barabara.

Nikaketi mbele ya usukani, vibao vyenye L nyekundu viko mbele na nyuma ya gari, mtahini kando yangu na karatasi yake mapajani, kimya. Nikaondoka. Nilipoufikia mzunguko wa kwanza nikatazama kushoto, nikaingia. Nikasikia honi kali upande wa kulia. Mtahini akaandika. Nikageuka njia nyingine bila kutazama kioo. Akaandika. Moyo ukaanza kunidunda.

Kisha tukafika mahali pa kupanda, na mbele yetu matatu imesimama kushusha abiria. Nikasimama, nikavuta breki ya mkono kama nilivyofunzwa. Matatu ikaondoka. Nami, kwa pupa, nikaishusha breki kabla klachi haijashika. Gari likaanza kurudi nyuma. Nikakanyaga breki ya mguu kwa nguvu, gari likazima. Nyuma honi zikalia. Nikatafuta klachi kwa mguu wa kushoto, kubadhi likanichomoka na pindo la kanzu likanizonga, na mimi sikungoja. Nikazungusha ufunguo hivyo hivyo, gia ikiwa ni ya kwanza na mguu hauko juu ya klachi. Gari likaruka mbele mruko mmoja wa chura. Mbele yetu alikuwa akivuka hamali na mkokoteni wake wa madumu ya maji. Mtahini akauvuta ule mkono wa breki yeye mwenyewe. Kati ya bampa letu na goti la hamali yule sidhani palikuwa na dhiraa mbili.

Hamali hakunitukana. Alinitazama tu, akautazama weupe wa kanzu yangu, akaendelea na safari yake. Hilo tazamo lilinichoma kuliko tusi.

NJIA YA MKATO

Mji wetu hauna siri. Jioni ile, baada ya Maghribi, nilipofika barazani nilikuta habari imenitangulia. Mmoja akaniuliza, "Sheikh, tumesikia leo umetunga shairi la kurudi nyuma?" Watu wakacheka, nami nikacheka nao, kicheko cha mtu aliyekanyagwa kidole.

Walipotawanyika, mtu mmoja akabaki nami. Simtaji yeye, wala ofisi yoyote siitaji. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Ya nini kujitesa na umri huu? Mambo haya yana njia yake. Wewe toa kitu kidogo, leseni utaletewa mpaka kwenye baraza hii."

Nisiseme uongo mbele yako, msomaji. Sikumjibu hapana papo hapo. Nilikwenda nalo nyumbani neno lile, nikalala nalo siku mbili. Nilijipa kila udhuru. Nilijiambia kuwa ni kwa ajili ya mama. Nilijiambia kuwa sitakwenda mbali, ni Kisauni na hospitali tu. Nilijiambia kuwa kuendesha najua, ni ile kanzu tu iliyonizonga.

Siku ya tatu nilikuwa nikimsaidia mama kupanda kitandani, akaniegemea uzito wake wote, kama vile watoto waegemeavyo. Ndipo nilipofahamu. Leseni ni ushahidi. Inasema kwamba mtu huyu amepimwa, na kwamba watu wanaweza kumwegemea. Nikiinunua nitakuwa nimenunua ushahidi wa uongo, na wa kwanza kuupanda ushahidi huo atakuwa mama yangu. Na wa pili ni yule hamali. Kuanzia 2021 hadi 2024, kila mwaka mmoja zaidi ya watu 4,000 walikufa katika barabara za Kenya, na wengi kuliko kundi jingine lolote walikuwa ni waendao kwa miguu. Sijui ni wangapi kati yao waligongwa na watu wenye leseni za mkato, lakini kila mmoja alikuwa na watu wake nyumbani waliomngojea. Na sisi Waislamu hatuna haja ya kuambiwa mara mbili. Tumefunzwa na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, kwamba mtoa rushwa na mpokea rushwa wote wamo katika laana moja.

Nikampigia mtu yule, nikamshukuru kwa kunijali, nikamwambia nitarudi nikaanguke tena kwa halali.

UBAO WA CHUONI

Lakini kukataa njia mbaya si kuijua njia nzuri. Nilirudi shule ya udereva nikamwomba mwalimu wangu anipe masaa mengine. Mwalimu huyu ni kijana, huniita ami. Nilimwambia, "Mwanangu, nifundishe tena yote tangu mwanzo."

Akatikisa kichwa. "Yote ya nini, ami? Wewe hukuanguka yote. Ulianguka wapi?"

Nikanyamaza. Kumbe nilikuwa nimeondoka mbele ya mtahini kwa haya, bila hata kumwuliza. Na lile swali la kijana likanirudisha nyuma miaka arubaini na mitano, kwenye chuo changu cha Kurani.

Mwalimu wetu wa chuoni, Mungu amrehemu, alikuwa amekaa na bakora yake, sisi tumepanga safu, kila mtu na sauti yake. Mtoto akikosa herufi moja, bakora ilipiga sakafu: ta! Hakusema "anza sura upya." Wala hakusema "umekosa" akaacha. Alisema, "Rudi ulipojikwaa." Ukaurudia mstari ule mmoja, mara kumi, mara ishirini, mpaka ulimi ukanyoka, ndipo ukaruhusiwa kuendelea. Mtoto aliyekuwa akijikwaa, kisha kwa haya akaanza sura tangu mwanzo kwa mbio apate kuruka pale pagumu, huyo ndiye aliyejikwaa pale pale kila siku.

Nami hivyo ndivyo nilivyotaka kufanya. Nilitaka kuendesha masaa kumi katika barabara niliyoizoea, nijione dereva, na ule mlima niuache vile vile.

Nikatoa daftari langu la mashairi, tukaketi ndani ya gari lililosimama, tukayaandika makosa moja moja kwa majina yake. Yakawa matano. La kwanza, mavazi. La pili, kuwasha gari likiwa gia imo na mguu hauko klachi. La tatu, breki ya mkono kushushwa kabla ya wakati wake. La nne, vioo. La tano, mzunguko. Nilipoyaona kwenye karatasi nilishangaa. Usiku wa baraza lile kosa langu lilikuwa kubwa kama bahari, nami sijui nianzie wapi. Sasa lilikuwa ni mistari mitano.

Mavazi tuliyamaliza kwa neno moja. "Ami," akasema, "kanzu ni ya msikitini. Garini njoo na suruali na kiatu cha kufunga, soli nyembamba, mguu upate kuisikia klachi." Basi makubadhi yangu yakarudi kazini kwao, kwenda sala.

Mlima tuliupa siku nne. Siku ya kwanza hatukupanda mlima wowote. Kijana alinikataza hata kugusa mafuta. Tulikuwa kwenye uwanja tambarare, kazi yangu ni kuinua mguu wa kushoto kidogo kidogo, mpaka nisikie sauti ya injini inashuka na pua ya gari inanyanyuka kama inataka kupiga chafya. Hapo ndipo klachi inaposhika. Nisimame hapo, nihesabu mpaka tano, nikanyage tena. Nilifanya hivyo mara arubaini, goti likaniuma kama la mtu aliyesali tarawehe mwezi mzima kwa siku moja.

Siku ya pili tukaenda kwenye kijia cha kupanda huko Tudor. Akaniambia, "Vuta breki ya mkono. Tia gia ya kwanza. Pa mafuta kidogo. Inua klachi mpaka pua inyanyuke. Sasa usiishushe breki. Ngoja. Gari lenyewe litakwambia." Nikangoja. Nikasikia gari linavuta, kama jahazi lililofungwa na upepo umeshaingia tangani. Ndipo nikaelewa kwa lugha yangu. Nahodha hafungui kamba kabla tanga halijashika upepo, akifungua mapema chombo huenda na maji. Nikaishusha breki taratibu, gari likapanda bila kurudi hata shibiri moja. "Na hili si la mtihani tu," kijana akaniambia. "Siku utakapotoka feri ya Likoni, mlima uko mbele, watu wako kushoto na kulia, na gari la mtu liko nyuma yako, utanikumbuka."

Vioo na mzunguko, hayo nilijifunza zaidi bila gari kuliko ndani ya gari, na hili nalisema kwa faida ya wale ambao hawana pesa za masaa mengi. Nilipokuwa nikipanda matatu kuja mjini niliomba kiti cha mbele, na kila dereva alipotaka kugeuka nilisema kimoyomoyo: kioo cha ndani, kioo cha pembeni, ishara, shingo. Mara nyingi yeye hakufanya hata moja katika hayo, lakini mimi nilikuwa nimeyafanya. Jioni mbili nilikwenda kusimama karibu na mzunguko wa Makupa, nikiyatazama magari saa nzima. Nikaona kwa macho yangu kwa nini aingiaye ampishe yule anayetoka kulia. Sisi twaendesha upande wa kushoto, na walio ndani ya mzunguko huja kutoka mkono wetu wa kulia. Ukitazama kushoto kama nilivyofanya mimi, unaitazama njia ambayo gari halitokei.

Mwendo nao tuliufanyia hesabu. Sheria ya trafiki yaruhusu kilomita 50 kwa saa mjini. Wengi huona huo ni mwendo wa konokono. Lakini piga hesabu: gari la mwendo huo huenda karibu mita 14 kwa sekunde moja. Yaani ukitazama simu kwa muda wa kusema Bismillahi, umekwisha kuendesha mita 14 bila macho. Tangu siku hiyo mwendo huo sikuudharau tena.

UTENZI WA GARI

Likabaki lile kosa la kuwasha gari kwa fadhaa. Kichwa changu kimezoea kuhifadhi kwa vina, hivyo ndivyo wazee wetu walivyotuhifadhisha dini, kwa tenzi. Nikaona nijitungie wangu, niusome kila nikiingia garini. Usiku nikaketi, asubuhi nikamsomea kijana:

Ukae vyema kitini
Mkanda u kifuani
Tazama na viooni
Kisha uliwashe gari.

Ishara uioneshe
Shingo nayo igeushe
Breki kisha uishushe
Uondoke kwa hadhari.

Nilidhani atanisifu. Alisikiliza mpaka mwisho, akakuna kidevu. "Ni mzuri, ami. Lakini gia iko wapi?"

Sikuwa nimeitia! Kosa lile lile lililoniangusha barabarani lilikuwa limeniangusha na katika utenzi, uwanja wangu mwenyewe. Nikaona sasa kwamba sikuisahau gia siku ya mtihani kwa sababu ya honi, wala kwa sababu ya kanzu. Niliisahau kwa kuwa haikuwahi kuingia katika mpango wangu. Kila siku kijana alikuwa akinipa gari likiwa tayari liko nyutro, nami nikadhani ndivyo magari yalivyo. Nikaongeza ubeti wa tatu papo hapo, juu ya boneti ya gari:

Gia uipe uhuru
Isije ikakudhuru
Na Mola umshukuru
Kabla hujawasha gari.

Wiki nzima niliusoma utenzi huo. Niliusoma nikitia udhu, nikingoja chai, nikimkanda mama miguu jioni. Mke wangu akasema nyumba imekuwa gereji.

Kisha kijana akanipa dawa ya mwisho. Alinifanyia mtihani wa uongo. Alikaa kando yangu na karatasi, akakunja uso, akanyamaza kimya, na nyuma akaweka wanafunzi wawili wanitazame. Kimya kile kilikuwa ndicho kilichonimaliza mara ya kwanza, maana mshairi akinyamaziwa hudhani amechukiwa. Mara ya kwanza ya mtihani huo nilikosa mara tatu. Mara ya pili nilikosa mara moja, gari likanizimikia. Nikamtazama kwa huzuni. Akakunjua uso akaniambia neno ambalo ningependa kila anayejitayarisha alijue: "Ami, gari kuzima si msiba. Msiba ni kile ufanyacho baada ya kuzima. Vuta breki ya mkono, tia nyutro, kanyaga klachi, washa, tazama, ondoka. Hapana anayekufukuza."

SIKU YA PILI

Siku ya mtihani wa pili nilisali alfajiri, nikanywa chai na mahamri mawili, nikavaa suruali na viatu vyangu vya kufunga. Vijana walionitambua walinong'onezana. Nikawasalimu mmoja mmoja kwa mkono. Haya nilikwisha kuziacha barazani.

Mtahini hakuwa yule wa kwanza, lakini kimya kilikuwa kile kile. Nikaketi, nikasoma utenzi wangu kwa midomo isiyotoka sauti, gia nikaipa uhuru wake. Mzunguko nikaupita nimeelekeza macho yangu kulia. Vioo nikavitazama kwa kichwa kizima, mtahini apate kuona kwamba naona. Kisha, kama kwamba imeandikwa, tukafika mahali pa kupanda, na mbele yetu imesimama tuktuk iliyojaa majani ya ng'ombe.

Nikasimama. Tuktuk ikaondoka. Nikainua klachi, na msomaji, gari likanizimikia.

Nyuma honi ikalia, kama ile ya siku ile. Lakini safari hii mkono wangu ulikuwa umekwisha kuivuta breki kabla moyo haujashtuka. Gari halikurudi hata kidogo. Nikatia nyutro. Nikakanyaga klachi. Nikawasha. Nikatazama kioo, nikageuza shingo. Nikatia gia ya kwanza, nikangoja upepo uingie tangani, nikafungua kamba. Tukapanda.

Mtahini hakuandika kitu. Alisema tu, "Endelea, mzee." Na tuliporudi akaniambia nimepita.

Nimelifikiri sana jambo hilo. Mara ya kwanza nilizima gari mlimani nikaanguka, mara ya pili nilizima gari mlimani nikapita. Mtihani haukutaka mtu asiyejikwaa. Ulitaka mtu anayejua la kufanya akishajikwaa, na hilo hulijui mpaka ujikwae kwanza na ukubali kurudi pale pale. Basi wewe uliyeanguka mwaka juzi na funguo umezitundika msumarini, chukua karatasi uandike mistari yako. Huenda isifike mitano.

Ijumaa iliyofuata ilikuwa siku ya mama ya kliniki. Tulimtoa chumbani taratibu, tukamkalisha nyuma na mto wake mgongoni, mke wangu kando yake. Tuliwafukuza kuku. Nikafunga mkanda, nikasoma dua ya safari, nikatazama vioo. Kwenye kioo cha ndani nilimwona mama amefumba macho, tasbihi mkononi, midomo ikitikisika. Nikadhani anavuta uradi. Nikaupeleka mkono kwenye ufunguo.

"Mwanangu," akasema bila kufumbua macho, "gia umeipa uhuru?"